Mayai Sita ya Baba Ratri

Nesi Orathai aliigeuza karatasi ya majibu ya damu upande wa Bualai, kana kwamba namba ikitazamwa na mke wa mgonjwa itaona haya na kupanda. Protini ya damu: mbili nukta nne. Mwezi uliopita ilikuwa mbili nukta saba, na mwezi wa kabla ya huo ilikuwa tatu kasoro kidogo.

"Mama Ratri," nesi akasema, kwa sauti ile anayosemeshwa mtoto aliyejikojolea darasani, "mgonjwa wako asubuhi anakula nini?"

"Ute wa mayai. Sita. Kama ulivyosema."

"Sita kila siku?"

"Kila siku inayokucha. Nachemsha, namenya, viini natoa, ute namwekea."

"Chumvi?"

"Situmii."

"Mchuzi wa samaki?"

"Nesi, chupa nimeificha mpaka mwenyewe nimesahau ilipo."

Kwenye benchi nyuma yao walikuwa wamekaa watu tisa wanaosubiri zamu, kila mmoja na daftari lake la kijani la mifuko, na wote tisa walikuwa wameacha kuongea. Nesi Orathai alishusha pumzi. Akaeleza tena yale aliyoyaeleza mwezi wa kwanza: mafigo ya Baba Ratri yamekufa yote mawili, damu yake inasafishwa na maji ya mfuko yanayoingia tumboni na kutoka, mara nne kwa siku, na maji yale kila yakitoka yanatoka na protini. Isiporudishwa kwa mdomo, mtu anavimba. Halafu kidudu kimoja tu kikipita kwenye mpira ulio tumboni, mwili hauna cha kupigana nacho.

"Nyama ya mafuta sitaki ale, viini sitaki, maharage kidogo tu. Ute wa yai ndiyo dawa yake. Mwezi ujao nikikuta namba imeshuka tena, daktari hatamrudisha nyumbani. Atamlaza mkoani."

Bualai alijua maana ya mkoani. Walioanza mifuko pamoja na mumewe, mwezi mmoja, darasa moja la kunawa mikono, walikuwa wanne. Wawili walipelekwa mkoani. Wakarudi wamefunikwa shuka.

Ila kilichomchoma zaidi siku hiyo kilikuwa kidogo kuliko kifo. Nesi alivuta daftari la kijani akaandika mstari mmoja, na Bualai, aliyesoma mpaka darasa la nne lakini darasa la nne la zamani, akausoma ukiwa kichwa chini. *Mke hafuati maelekezo ya chakula.*

Damu ikampanda mpaka masikioni. Akamtazama mumewe. Suphi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, anaangalia miguu yake iliyovimba mpaka kandambili zimeacha alama. Hakusema hata neno moja la kumtetea. Hata kukohoa hakukohoa.

Njia nzima ya kurudi Bualai aliendesha pikipiki huku anagomba. Mumewe alikaa kwenye kigari cha pembeni katikati ya maboksi mapya ya mifuko ya maji, ameshika kofia.

"Mwezi wa nane huu! Miezi minane naamka saa kumi na moja kuchemsha mayai! Mikono yangu inanuka yai hata nikisali! Halafu mbele ya watu tisa naambiwa nakuua!"

"Hakusema unaniua."

"Ameandika!"

"Angalia mbele, Mama Ratri, kuna nyati."

"Nyati namwona! Ninayemtafuta ni aliyekula mayai yangu!"

Walipofika, jirani yao Kaen alikuwa amechuchumaa uani kwao mbele ya tenga la mianzi lililofunikwa chini ya dirisha la Suphi. Ndani ya tenga alikuwamo Daeng, jogoo wa kupigana wa Suphi, mwekundu kama matofali mabichi, shingo ndefu, mapaja kama ya mtoto wa shule anayecheza mpira.

"Baba Ratri, huyu mnamlisha nini?" Kaen akauliza, macho yanamng'aa. "Angalia kifua! Angalia manyoya! Wangu anakula mpunga na mahindi, anaonekana mjane."

"Anakula kama kuku wengine," Suphi akajibu, akashuka pole pole, akaingia chumbani kwake moja kwa moja.

"Shemeji, mume wako ana mkono wa kufuga," Kaen akamwambia Bualai.

Bualai alifyonza. Alikuwa amebeba maboksi mawili kifuani, na mtu wa kumsaidia alikuwa anasifu kuku.

Chumba cha Suphi kilijengwa na pesa za Ratri, binti yao, anayefunga milango ya majokofu kiwandani huko Rayong. Kilikuwa na sakafu ya vigae, sinki la kunawia, ndoano ya kutundikia mfuko, mizani ya kupimia maji yaliyotoka, na mlango unaofungwa barabara. Nesi alisema vumbi lisiingie, kuku wasiingie, moshi usiingie. Bualai akaongeza ya kwake: chakula kiliwe humo humo. Jikoni kwenye mkeka wa familia palikuwa na wali wa kunata katika kikapu, na bakuli la pilipili iliyotwangwa na pla ra, yule samaki wa kuvundikwa kwa chumvi miezi sita anayenukia mpaka barabarani. Mtu aliyekatazwa chumvi ukimkalisha mbele ya bakuli lile ni sawa na kumtesa. Ndiyo maana Bualai alimtenga. Kwa huruma. Aliipanga huruma hiyo kila asubuhi kwenye sahani nyeupe: ute wa mayai sita uliokatwa vipande, tonge la wali, vipande viwili vya tango lililomenywa. Anaweka sahani kwenye stuli nje ya mlango. Anagonga mara mbili kwa mpini wa kijiko. "Chakula tayari. Amka ule." Halafu anakwenda barabarani kuwawekea wali watawa wa Kibudha wanaopita na mabakuli yao, na akirudi sahani imekwisha. Viini alimpelekea mke wa Kaen, anayevipika na sukari kuwa nyuzi tamu za rangi ya dhahabu za kuuza sokoni.

Asubuhi iliyofuata alifanya vivyo hivyo, hatua kwa hatua. Alichemsha, akamenya, akapanga. Akagonga mara mbili. "Chakula tayari. Amka ule."

Ila hakwenda barabarani. Aliweka kikapu cha wali wa watawa juu ya mtungi, akavua kandambili, akazunguka nyumba upande wa mgomba kwa miguu mitupu, akasimama nyuma ya tangi la maji ya mvua.

Haukupita muda dirisha likafunguka kidogo. Mkono wa Suphi ukatoka katikati ya nondo. Aliujua mkono ule miaka arobaini na mmoja. Kidole cha kati kina kovu la mundu. Vidole vilikuwa vimeshika kipande cha ute, cheupe, kinateleza. Vikakiachia. Kikapita kwenye tundu la tenga, na Daeng akakidaka kabla hakijagusa ardhi. Kikafuata cha pili. Cha tatu. Jogoo wala hakuwa na haraka, alikula kama mtu aliyezoea kuhudumiwa.

Bualai alisimama pale mpaka sahani nzima ikaisha. Alitaka kuona kama mumewe atakula angalau kimoja. Hakula. Alilamba vidole, akalifunga dirisha.

Hasira nyingine hupanda. Hii ilishuka, ikamwingia miguuni, na miguu ikaanza kutembea yenyewe. Alilipindua tenga, akamkamata Daeng kwa mabawa, akambana kwapani. Akapitia jikoni akachukua kisu cha kukatia mbavu. Mlango ambao kwa miezi minane hakuwahi kuufungua bila kunawa mpaka viwiko na kuvaa barakoa, aliusukuma kwa goti.

"Leo nachinja!"

Suphi aliruka kitandani. "Mama Ratri! Kuku! Kuku chumbani!"

"Ndiyo, kuku! Mwenye protini yako! Wewe mbili nukta nne, yeye nadhani ana kumi! Nimchinje nikupikie, ule mayai yako yote kwa mkupuo!"

"Mtoe nje, kuna vidudu!"

"Vidudu?" Akambana jogoo zaidi. "Unafungua dirisha kila asubuhi unapeleka mkono kwenye mdomo wa kuku, halafu unaniambia mimi vidudu? Nakunywa maji ya kuchemsha kwa ajili yako. Siwashi feni kwa ajili yako. Nimeandikwa kwenye daftari la serikali kwa ajili yako!"

Daeng naye akaanza kupiga kelele. Unyoya mmoja mwekundu ukapaa, ukatua juu ya mizani.

Ndipo mlangoni pakatokea Kaen, aliyesikia kelele za jogoo akadhani mwizi. Mkononi alikuwa na kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa mpira, na ndani yake kulikuwa na kitu cha rangi ya matope. Harufu iliingia kabla yake.

Bualai aliangalia kifuko. Aliangalia vidole vya mkono wa kulia wa mumewe, vile alivyovilamba dirishani.

"Kaen. Hicho nini?"

"Hiki? Hiki, shemeji, ni... nilikuwa napita."

"Unapita na pla ra saa kumi na mbili asubuhi kwenye chumba cha mgonjwa?"

"Ni kidogo tu. Cha kuchovya. Namletea anachovya kidogo tu, mwanaume mzima hawezi kula yai kavu kama..."

"Kila siku?"

Kaen alimtazama Suphi aokolewe. Suphi aliangalia ukuta.

"Siyo kila siku," Kaen akasema. "Jumapili nakwenda kwa mkwe."

Bualai alimnyang'anya kifuko kwa mkono uleule ulioshika kisu, na Kaen akarudi nyuma hatua tatu. "Kaa hapo uani! Usiende kwako! Na wewe nina maneno yako!"

Akamgeukia mumewe. Sasa hakupiga kelele. "Sema. Mimi nimekukosea nini mpaka uchague kufa, na ukifa watu waseme ni mimi?"

Suphi alikuwa mtu mpole. Katika miaka arobaini na mmoja Bualai alimsikia akipaza sauti mara mbili, moja kwa nyati na moja kwa karani wa mpunga. Hii ikawa ya tatu.

"Mimi nimekwisha kufa! Wewe ndiye unayenizika kila asubuhi!"

"Nini?"

"Gonga! Hebu gonga!" Alinyoosha kidole mlangoni. "Gonga mara mbili kama unavyogonga. Sema unavyosema!"

Bualai alifungua mdomo. "Chakula tayari," akasema. "Amka..."

Akageuka akaitazama stuli nje ya mlango.

Mama yake Bualai alipofariki, mwaka juzi, jeneza lilikaa sebuleni siku tano. Bualai ndiye aliyekuwa mtoto mkubwa. Kila asubuhi alipika sinia dogo la peke yake, chakula kidogo kisicho na ukali, akaliweka kwenye stuli pembeni ya jeneza. Kisha akagonga ubao mara mbili kwa mpini wa kijiko, kama wagongavyo watu wote wa kwao. *Mama, chakula tayari. Amka ule.* Halafu unaondoka, maana wafu hawali wakitazamwa, na hakuna mtu anayekaa nao sinia moja.

Kijiko kilikuwa kile kile. Stuli ilikuwa ile ile.

"Siku ya kwanza nilisema umesahau," Suphi akaendelea, sauti imeshuka. "Siku ya pili nikasubiri useme neno lingine. Miezi minane, Mama Ratri. Sahani yangu peke yangu. Wali wangu peke yangu. Nasikia mnacheka jikoni na mke wa Kaen, mnachovya, mimi humu na mayai yasiyo na ladha kama ya kuwekewa mizimu. Nikikuangalia umevaa barakoa, macho tu. Nikajisemea basi, chakula cha maiti apewe anayeweza kunona. Shamba nimekodisha, jembe siwezi. Daeng anakula mkononi mwangu, ananenepa, watu wanamsifu. Nani mwingine humu ndani ananenepa kwa kazi ya mkono wangu?"

Bualai alisikia aibu, lakini aibu ilikuta hasira imekwisha kukaa kwenye kiti na haikutaka kuipisha.

"Na mdomo huna?" akasema. "Miezi minane unasikia nakugongea jeneza, hukuweza kutoa kichwa useme, wewe mwanamke, acha kunigongea? Mbele ya nesi umekaa kama gogo! Neno moja! Ungesema neno moja!"

"Uamke saa kumi na moja halafu nikwambie chakula chako ni cha maiti?"

"Ndiyo! Ungeniambia! Ningekutukana, tungemaliza!"

Akamtupa Daeng nje ya mlango. Jogoo akatua uani, akajikung'uta, akaenda zake amekasirika. Bualai akaenda jikoni.

Walichosikia wanaume wawili baada ya hapo ni kinu. Alichemsha mayai mengine, kumi na nane, yote yaliyobaki kwenye trei. Alikaanga mchele mkavu kwenye sufuria mpaka ukawa rangi ya mbao na kunukia, akautwanga. Akatwanga pilipili kavu. Kila pigo la mchi lilikuwa na neno lake, na majirani wa nyumba ya tatu wanasema waliyasikia maneno yote. Akakatakata ute wote vipande vidogo kama nyama ya kusaga. Akakamulia ndimu nne, akatia vitunguu vidogo vilivyokatwa, unga wa mchele, majani ya nanaa kiganja kimoja. Mkono ukaenda wenyewe kwenye rafu ya mchuzi wa samaki. Akaupiga kofi mkono wake, akaongeza ndimu. Akaonja. Ilikosa chumvi, huo ndio ukweli, lakini ilikuwa kali na chachu na ilikuwa chakula cha watu.

Bakuli lake mwenyewe la pla ra, na kifuko cha Kaen juu yake, alivifungia ndani ya ndoo yenye mfuniko na kuweka tofali juu. Alitandika mkeka ukumbini, mbali na kuku na moshi, akapangusa sakafu mara mbili. Sinia moja. Kikapu kimoja cha wali.

Kisha akasimama katikati ya nyumba, bila barakoa, akaweka mikono kiunoni. Kijiko kilikuwa mezani. Hakukigusa.

"Wewe mzee mpumbavu!" akapaza sauti. "Mfuga kuku mwenye shingo kama ya kuku! Toka humo uje ule kabla sijakumwagia kichwani! Nawa mikono kwanza, mpaka viwiko, nakuona!"

Kisha maji yakasikika kwenye sinki. Mlango ukafunguka, na Suphi akatoka anapangusa mikono, mdomo unamcheza kama mtu anayezuia kucheka au kulia.

"Na wewe, Kaen! Njoo hapa!"

"Shemeji, mimi mafigo yangu mazima."

"Ndiyo maana utakula. Unayepeleka chumvi kwa mgonjwa utakula bila chumvi mpaka namba ipande. Kaa!"

Walikaa watatu. Suphi alimega wali, akaufinyanga kwa vidole vitatu, akachota. Alitafuna muda mrefu. Bualai alimkazia macho, hakupepesa.

"Inakosa kitu," Suphi akasema.

"Inakosa adabu yako. Kula."

Akala. Akachota tena. Kaen alikula huku machozi ya pilipili yanamtoka, akasema ukifumba macho ni kama nyama ya bata, kama bata huyo alikufa zamani sana. Suphi akacheka mpaka akashika tumbo pale mpira ulipo, na Bualai akamgombeza kwa kucheka na chakula mdomoni. Hasira yake haikuisha siku hiyo. Wala wiki hiyo. Kila alipoukumbuka ule mkono kwenye nondo alitwanga kwa nguvu zaidi, na mwishoni mwa wiki ya pili kinu kilipasuka, akaazima cha mke wa Kaen. Siku nyingine aliukoroga ute na vitunguu vya majani akaukaanga kwa mafuta kidogo kama chapati, siku nyingine akauchemsha kwenye uji wa wali na tangawizi. Suphi alibaki mkaidi. Siku mbili alikula nusu tu, na Bualai akakaa mkekani mbele yake bila kusema mpaka jua likapanda, wala hakuondoa sinia. Tenga la Daeng likahamishiwa kwa Kaen, ambako jogoo alilishwa mpunga na mahindi, na kifua kikaanza kushuka.

Siku ya kliniki Nesi Orathai alisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani. Mbili nukta nane.

"Bado haijafika," akasema. "Inatakiwa tatu na nusu. Lakini miguu imepungua. Mkoani tusubiri kwanza." Akamtazama Bualai. "Mama Ratri, safari hii ulifanya nini?"

Bualai alifungua daftari la kijani, akalisogeza mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwezi uliopita. Watu wa benchi la nyuma wakanyoosha shingo.

"Futa."

"Mama, hayo ni maandishi ya kliniki, hatufuti."

"Nimetwanga mpaka kinu kimepasuka. Futa."

"Mimi ndiye niliyekuwa sifuati maelekezo, nesi," Suphi akasema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kwa sauti ambayo watu wote wa benchi waliisikia. "Nilikuwa nampa kuku. Yeye alipika kila siku."

Nesi alimtazama yule mzee, kisha mkewe. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya maneno yale, akatia sahihi pembeni.

"Niandike nini mahali pake?"

"Andika anakula mkekani na wenzake," Bualai akasema, huku anakusanya maboksi. "Na andika anatukanwa kwanza. Bila hivyo hali."